Dada yangu kakatwa mrija wa nyongo akitolewa mawe. Tukubali afunguliwe tena Ijumaa?

mtoto_wa_mvomero | Jumanne, saa 2:40 usiku

Wakuu, habari za jioni. Huwa napita tu humu kusoma, sijawahi kuanzisha uzi kwenye jukwaa la afya. Leo nimelazimika.

Dada yangu ana miaka 38, ana watoto watatu. Siku tisa zilizopita alitolewa mfuko wa nyongo kwa sababu ya mawe, upasuaji ule wa matundu madogo, kwenye hospitali ambayo sitaitaja. Tuliambiwa kesho yake anarudi nyumbani, na kweli akarudi. Siku ya tatu tumbo likaanza kujaa. Siku ya nne homa na kutapika. Tukamrudisha, wakapiga altrasaundi, wakakuta maji tumboni, wakamwekea mpira ubavuni. Kilichotoka ni nyongo. Tangu siku hiyo mfuko wa huo mpira unajaa, wanamwaga, unajaa tena. Jana nilimvuta karibu na dirisha nikamtazama macho, yameanza kuwa ya njano. Mkojo wake kama chai ya rangi.

Daktari aliyemfanyia ametuita mimi na shemeji ofisini. Niseme ukweli, ni mtu mstaarabu, Jumapili alikuja kumwona ingawa hakuwa zamu. Akasema inaelekea mrija mkuu wa nyongo "umeguswa" na anataka kumfungua tena Ijumaa aurekebishe. Umeguswa maana yake nini sijui. Umechanika? Umekatwa? Shemeji yuko tayari kusaini. Kaka yetu mkubwa anasema asiguswe mtu mpaka tupate wakili. Mama analia tu.

Naomba aliyewahi kupitia hili, au aliye kwenye fani, aniambie. Tukubali Ijumaa? Huu mrija unatengenezeka kweli?

---

Shangazi_Kigamboni | Jumanne, saa 3:12 usiku

Pole sana mwanangu, Mungu amsimamie. Jirani yangu alipata manjano akachemshiwa mizizi ya mpapai wiki mbili akapona kabisa. Jaribuni huku mkisubiri hiyo Ijumaa.

---

FundiCherehani_Tanga | Jumanne, saa 3:55 usiku

Shangazi, najua umesema kwa upendo, ila kwa huyu mgonjwa hapana. Manjano ya jirani yako huenda yalikuwa ya ini lenyewe kuumwa. Haya ni ya bomba lililokatika. Ini la huyu dada linatengeneza nyongo kama kawaida, ila njia ya kuipeleka kwenye utumbo haipo. Hakuna mzizi unaoshona.

Mdogo wangu wa Mvomero, yaliyompata dada yako yalinipata mimi Februari 2017. Niko hai, nashona, na Idi iliyopita nimetoa magauni 31 kwa mkono wangu na msaidizi mmoja. Naanza na hilo ili yaliyobaki uyasome ukiwa umetulia.

Kesho asubuhi, kabla shemeji hajashika kalamu, muulizeni daktari swali hili: Ijumaa unafungua kusafisha, au unafungua kutengeneza?

Ni kazi mbili tofauti. Kusafisha ni kuondoa nyongo na usaha uliotapakaa tumboni, kuosha, na kuacha mpira mzuri unaotoa nje kila kinachovuja. Hiyo tumbo likichafuka sana inaweza kuwa ya haraka hata leo usiku, na wala msiikatae. Kutengeneza ni kuunganisha upya njia ya nyongo. Hiyo haifanywi kwenye tumbo lililovimba na homa haijashuka, na haifanywi na mtu ambaye si kazi yake ya kila siku, hata awe na moyo mzuri namna gani.

Najua kwa sababu mimi nilitengenezwa mara mbili, ya kwanza ikaharibika.

Siku ya 11 baada ya upasuaji wangu wa mawe, nikiwa na homa, nilifunguliwa na daktari yule yule. Mtu mwema. Alikuta mrija umekatwa, akaunganisha ncha kwa ncha, akafunga. Siku tano baadaye mfuko ukaanza kujaa tena. Nikapewa rufaa kwenda Dar, nikiwa nimekonda mpaka pete ya ndoa nimeitoa nikamkabidhi binti yangu.

Huko nikakutana na daktari bingwa mmoja mama, mfupi, sauti ya chini. Nikamwambia, daktari mimi ni fundi, nieleze kama fundi. Akageuza fomu ya vipimo, akachora nyuma yake kwa kalamu ya bluu. Karatasi hiyo ninayo mpaka leo, iko ndani ya bahasha pamoja na leseni ya biashara.

Alinionyesha hivi. Mrija wa nyongo unatoka kwenye ini, wa kulia na wa kushoto, inakutana, inashuka pamoja mpaka kwenye utumbo. Mfuko wa nyongo umening'inia pembeni kwa kijimrija chake chembamba. Kinachotakiwa kukatwa ni hicho kijimrija. Sasa mfuko ukiwa umevimba na kushikana, mrija mkuu unavutwa ukakaa pale ambapo kile kidogo kingekaa, na daktari anaona kidogo kumbe ni kikubwa. Anabana vibanio, anakata, na mara nyingi kinaondoka kipande kizima. Ncha hazifikiani tena. Ukizilazimisha zifikiane, unavuta.

Mimi nikamwelewa kabla hajamaliza. Kitambaa ukikishona huku umekivuta, mshono utakaa vizuri mezani. Mwenyewe akivaa, akiinua mkono mara moja tu, pachu! Akaniambia ndivyo ilivyokuwa kwangu, tena pembeni palikuwa pameungua na moto wa kile chombo cha umeme cha kukatia. Kitambaa kilichoungua pasi hakishiki uzi. Hata kama kwa macho kinaonekana kizima, unarudi nyuma mpaka ufike penye nyuzi nzima, ndipo unashona. Na kitambaa kilicholowa je? Nani anashona chifoni iliyolowa? Utumbo na mrija vikiwa vimevimba kwa nyongo na usaha, ndiyo chifoni iliyolowa.

Kwa hiyo nikasubiri. Wiki 12 kamili na mpira ubavuni. Wakanipa antibayotiki, wakanipiga MRI ya kuonyesha mirija yote, wakanipiga na siti skani ya mishipa ya damu, maana mshipa unaolisha upande wa kulia wa ini uko jirani sana na unaweza kuwa umekatwa pamoja. Nikala, nikanenepa kidogo. Mei nikaingia chumba cha upasuaji, nikapigwa nusu kaputi saa 2 asubuhi, nikaamka jioni.

Walichofanya hawakuunganisha ncha kwa ncha. Walikata utumbo mwembamba sehemu ya juu, ncha moja wakaipandisha mpaka kwenye ini, wakaishona na mrija pale unapotokea, penye afya. Ile ncha nyingine ambayo chakula kinapita wakaja kuiunganisha chini zaidi, nadhani nusu mita hivi. Ukiitazama ni herufi Y. Mkono mmoja unaleta chakula, mwingine unaleta nyongo, vinakutana chini. Chakula hakipandi kuchafua mshono. Uzi unaotumika ni wa kuyeyuka, mwembamba karibu kama unywele, na mshono wenyewe ni wa mkono. Nilimuuliza mishono mingapi, akasema hakuhesabu, alihesabu milimita.

Sasa kuhusu dada yako: kama daktari atasema ni kusafisha, sawa. Akisema ni kutengeneza, muulizeni kwa adabu amefanya mingapi ya namna hiyo, na kama amezungumza na bingwa wa ini na mirija ya nyongo. Daktari mzuri hakasiriki kwa swali hilo. Nafasi ya kwanza ya kutengeneza ndiyo iliyo nzuri kuliko zote. Kila inayofuata, kitambaa kinakuwa kifupi zaidi.

---

dr_zamu_ya_usiku | Jumanne, saa 5:30 usiku

Mimi ni daktari wa upasuaji, siandiki kama daktari wa mgonjwa huyu kwa kuwa sijamwona. Fundi ameeleza vizuri kuliko ninavyoeleza wanafunzi. Naongeza machache na kurekebisha moja.

La kurekebisha: si kila kuvuja ni mrija mkuu. Wakati mwingine kinachovuja ni kile kisiki cha kijimrija cha mfuko, kibanio kimelegea, au ni vijimrija vidogo vya pale mfuko ulipokuwa umelala kwenye ini. Huyo hahitaji kufunguliwa kutengenezwa. Anaingizwa endoskopia kupitia mdomoni, ile inayoitwa ERCP, anawekewa stenti ya muda, yaani kijibomba kidogo, ili nyongo ishuke kwa urahisi, na tundu linajifunga lenyewe ndani ya wiki kadhaa. Ndiyo maana mtu hafungui Ijumaa kabla ya kujua Alhamisi ni kipi kimeumia. Neno "umeguswa" halitoshi. Kuna ngazi zake, alizipanga Steven Strasberg mwaka 1995, A mpaka E. A ni hiyo ya kuvuja kidogo. E ni mrija mkuu wenyewe, na hiyo E imegawanywa tena, 1 hadi 5, kwa kufuata jinsi jeraha lilivyo karibu na ini. Mgawanyo huo wa E asili yake ni kazi ya Henri Bismuth, Mfaransa. Kadiri jeraha linavyopanda juu, ndivyo kazi inavyokuwa ngumu.

Kuhusu muda. Jeraha likigundulika pale pale mezani, au ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, mgonjwa hana homa, na bingwa yupo, linaweza kutengenezwa hapo hapo. Siku ya tisa, na homa, na nyongo imetapakaa, dirisha hilo limefungwa. Sasa ni kutoa uchafu nje, kutibu maambukizi, kumlisha, na kusubiri kwa kawaida wiki 6 au zaidi. Wengi tunapenda ipite miezi miwili. Mpango huo ni matibabu kamili, mgonjwa hajatelekezwa.

Kuhusu nani atengeneze, kuna takwimu ambayo kila daktari wa upasuaji anapaswa kuijua. Mwaka 1995 Stewart na Way, Marekani, walichapisha matokeo ya waliokatwa mirija wakati wa upasuaji wa matundu madogo. Waliotengenezwa na daktari yule yule wa kwanza, walifanikiwa asilimia 17. Waliotengenezwa na mabingwa wa mirija ya nyongo kwenye hospitali kubwa, asilimia 94. Mbinu zimesonga mbele tangu hapo, lakini pengo hilo lenyewe linajieleza.

Kwa kaka mkubwa anayetaka wakili: haki yake siikatai, na mwombe nakala ya ripoti ya upasuaji, mtaihitaji hata kwa matibabu. Ila msicheleweshe rufaa kwa ajili ya kesi. Jeraha hili hutokea kwa takribani watu 2 hadi 5 kati ya 1,000 wanaotolewa mfuko kwa matundu madogo, na humpata hata daktari mzoefu. Mwaka 2003 Way na wenzake walichambua majeraha 252 wakakuta asilimia 97 chanzo kikuu ni macho kudanganyika, mkono haukuwa na kosa. Daktari alikata kwa ustadi kabisa kitu ambacho sicho. Ndiyo maana tunafundisha kwamba hukati kitu mpaka mafuta yote ya pale pembeni yameondolewa, sehemu ya chini ya mfuko imebanduliwa kwenye ini, na umeona kwa macho yako vitu viwili tu, viwili tu, vinavyoingia kwenye mfuko: kijimrija chake na mshipa wake wa damu. Usipoviona, unaacha, unaita mwenzako, au unatoa sehemu ya mfuko na kubakiza nyingine. Mimi binafsi nimeacha mara tatu na sikujutia hata moja.

Kesho ulizieni pia sindano ya vitamini K. Nyongo isipofika kwenye utumbo, vitamini hiyo haisharabiwi vizuri, na damu inachelewa kuganda.

---

mtoto_wa_mvomero | Jumatano, saa 10:15 jioni

Wakuu, nimesoma usiku kucha. Asubuhi nimemuuliza daktari kama Fundi alivyonielekeza, kusafisha au kutengeneza. Alikaa kimya kidogo. Akasema kutengeneza. Nikamuuliza, kwa adabu, amewahi kufanya mingapi. Akasema miwili, yote akiwa anamsaidia mkubwa wake. Halafu akavua miwani, akasema, "Ndugu yangu, ngoja nimpigie mtu." Akapiga simu mbele yetu. Kesho alfajiri tunapewa gari la wagonjwa, tunaenda Dar na faili zima, picha za altrasaundi na ripoti ya upasuaji. Na ile Ijumaa ameifuta mwenyewe.

Shemeji alikuwa ameshasaini jana usiku. Wamechana ile fomu mbele yake.

Kaka bado ana hasira. Sijui niseme nini kwake. Mama nimemweleza kwa mfano wa chifoni iliyolowa, ameelewa, ameacha kulia, sasa ananiuliza atakula nini.

Fundi, mama yangu, naomba unisaidie na hilo. Na kuwashwa. Anajikuna usiku mpaka damu. Na huu mpira, tutaishije nao miezi miwili?

---

FundiCherehani_Tanga | Jumatano, saa 1:20 usiku

Alhamdulillah. Huyo daktari aliyevua miwani mshikeni mkono mumshukuru, nasema kweli.

Mpira kwanza, maana ndio uhai wake kwa sasa. Ununueni daftari la kurasa 40. Kila asubuhi na jioni mfuko ukimwagwa, andikeni ni mililita ngapi, rangi gani, na joto la mwili. Mimi nilikuwa natoa 400, 450, siku nyingine 600. Rangi nzuri ni ya kahawia ya dhahabu, kama asali ya nyuki wadogo ukiiinua kwenye mwanga. Ikigeuka ya kijani na vipande, au ikanuka, au ikapungua ghafla na homa ikapanda, ni hospitali saa hiyo hiyo. Ikipungua ghafla msifurahi, huenda mpira umeziba na nyongo inakaa tumboni.

Ule mpira usining'inie. Mimi nilijishonea mkanda wa kitambaa cha shuka, wenye mfuko wa pembeni kama mfuko wa muuza duka, chupa ya plastiki ikakaa humo, chini ya usawa wa kidonda lakini haivuti. Juu nafunga kanga. Nilikwenda harusini nikiwa hivyo, hakuna aliyejua ila mume wangu. Akitaka nitamshonea wake, nipe kipimo cha kiuno tu.

Nyongo inayotoka inabeba maji na chumvi za mwili. Miguu yangu ilikuwa inakufa ganzi, nadondoka nikisimama. Wakanianzishia ORS ya pakiti kila siku, na vipimo vya chumvi za damu kila wiki. Ulizieni hilo, wengi wanasahau.

Kula: ale. Asizuiwe kula na shangazi wala nani. Samaki wa kuchemsha, maharage, mayai, uji wa lishe, ndizi, wali. Mafuta yapungue kwa kuwa nyongo haifiki kuyasaga na tumbo litamsumbua, kinyesi kitakuwa cheupe kama chokaa na kitaelea. Mwili usiokula haufungi kidonda, na siku ya kushonwa upya atahitaji nguvu zote.

Kuwashwa, mdogo wangu, hilo ndilo lililonitoa machozi kuliko maumivu. Kunatoka ndani, huwezi kulifikia kwa kucha. Mkateni kucha kabisa. Maji ya baridi kabla ya kulala, shuka la pamba jepesi, feni. Kuna dawa ya unga ya kuchanganya kwenye maji inayozuia kuwashwa huko, mwambieni daktari, asivumilie kimya kwa kudhani ni jambo dogo. Nilipoondolewa manjano kuwashwa kuliisha ndani ya siku chache, nikalala usiku mzima nikaamka nimechanganyikiwa, sijui ni saa ngapi.

Na hasira ya kaka. Mimi mume wangu alikuwa nayo mwaka mzima. Sikumwambia aache. Nilimpa kazi: yeye ndiye alikuwa anaandika lile daftari.

---

MwalimuMstaafu | Jumatano, saa 3:05 usiku

Nilifundisha historia miaka 30, niruhusuni kuingiza neno. Anthony Eden, yule waziri mkuu wa Uingereza wa wakati wa vita vya Suez, alikuwa na jeraha hili hili. Aprili 1953, akiwa waziri wa mambo ya nje, alitolewa mfuko wa nyongo London, mrija ukaumia. Akafunguliwa tena huko huko, haikutosha. Juni mwaka huo akapelekwa Boston, Marekani, kwa daktari aitwaye Richard Cattell ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutengeneza mirija ya nyongo. Oktoba 1956, katikati ya mgogoro wa Suez, homa kali ya mirija ikamwangusha, na mwaka 1957 akarudi Boston kufunguliwa tena. Alifariki 1977 akiwa na miaka 79, na kilichomuua ni saratani ya tezi dume. Miaka zaidi ya 23 baada ya kuumia, na kwa ufundi wa zama zile.

Mwambie dada yako.

---

dr_zamu_ya_usiku | Jumatano, saa 4:40 usiku

Mwalimu ahsante, mfano huo una somo jingine pia: homa ya Eden ya 1956. Mshono wa mrija unaweza kusinyaa taratibu, hata miaka baadaye. Homa ya ghafla yenye kutetemeka, maumivu upande wa juu kulia, na macho ya njano, kwa mtu aliyewahi kutengenezwa ni dharura. Huku kwetu watu wanameza dawa ya malaria na kulala. Asilale. Fundi, wewe uliwahi kuipata?

---

FundiCherehani_Tanga | Alhamisi, saa 12:10 asubuhi

Ndiyo, 2019, miaka miwili baada ya kutengenezwa. Nilikuwa kwenye cherehani nikaanza kutetemeka mpaka sindano ikanichoma kidole. Kila mtu akasema malaria. Kipimo hakina malaria. Nikakumbuka karatasi yangu, nikamwonyesha daktari wa zamu ile herufi Y. Alishtuka, maana alikuwa anataka kunipa rufaa ya ile kamera ya mdomoni, na kwa aliyeshonwa hivi kamera ile haifiki kirahisi, njia imebadilishwa. Dar walipitia ubavuni, sindano ikaingia kwenye ini, wakapanua mshono kwa puto dogo, jumla mara tatu ndani ya wiki kadhaa. Tangu hapo sijatetemeka tena. Kila miezi sita napima damu, bilirubini, yaani ile rangi ya njano ya nyongo, na ile nyingine ya ALP, kimeng'enya cha ini na mirija, ambayo daktari ananiambia hupanda kabla macho hayajageuka.

Kwa hiyo siku atakapotengenezwa, ombeni mchoro. Si ripoti ndefu tu. Mchoro, auweke kwenye pochi yake, na nakala kwa watoto.

---

mtoto_wa_mvomero | Jumapili, siku 17 baadaye, saa 11:30 jioni

Wakuu, samahani kwa ukimya. Tulipofika Dar walimwongezea mpira wa pili siku hiyo hiyo kwa kuongozwa na altrasaundi, hawakufungua. Ulitoa karibu lita moja na nusu ya nyongo na usaha iliyokuwa imejificha chini ya ini. Homa ilikata siku ya tatu. MRI imefanyika. Wamesema ni E2, mrija umekatwa na kipande hakipo, ila pale wa kulia na wa kushoto inapokutana pako salama. Mshipa wa damu hawajaona tatizo. Mpango ni kurudi baada ya wiki 8 kutengenezwa kwa utumbo, ile Y.

Daktari, E2 ni nzuri au mbaya?

Dada amevaa ule mkanda. Fundi, ulifika na basi la Alhamisi, umemkaa sawasawa. Anasema kitambaa ni laini. Kaka ndiye anayeandika daftari, ana mwandiko mzuri kuliko sisi wote, na jana amempigia simu yule daktari wa kwanza kumpa habari. Waliongea dakika kumi, sikusikia walichosema.

---

dr_zamu_ya_usiku | Jumapili, saa 2:00 usiku

Kwa jeraha la mrija mkuu, makutano kuwa mazima ni habari njema sana. Bingwa atapata pa kushonea penye afya, na anaweza kurefusha mdomo wa mshono kuelekea mrija wa kushoto ili uwe mpana. Endeleeni na lishe. Albumini, protini ya damu inayosaidia kuonyesha hali ya lishe, ipimwe kabla ya kurudi.

---

FundiCherehani_Tanga | Jumapili, saa 2:25 usiku

Leo imetoka ngapi?

---

mtoto_wa_mvomero | Jumapili, saa 2:31 usiku

Asubuhi 210, jioni 190. Rangi ya asali. Joto 36.7. Amekula ugali na dagaa wa kuchemsha, amemaliza sahani.